Mguu wa Kushoto Hauna Kidonda

Kitu kilichodondoka kutoka kwenye gambuti la mumewe kilikuwa kizibo cha chupa ya bia. 'Makatiso alikiokota sakafuni, akakigeuza, akacheka.

"Ntate Khethisa! Kumbe siku hizi unatembea na baa ndani ya kiatu?"

Mumewe, aliyemwita Ntate, yaani baba, kwa heshima, alikuwa amekaa karibu na jiko la mafuta ya taa, blanketi mabegani, anangoja uji wake wa motoho upoe kidogo. Alikitazama kile kizibo kama mtu anayeonyeshwa mali ya jirani.

"Si changu. Mimi bia hiyo sijainywa tangu Pasaka."

"Sijakuuliza umekunywa nini. Nakuuliza umekikanyaga tangu lini."

"Nimekikanyaga? Mbona sijasikia kitu?"

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka 'Makatiso mdomoni. Kizibo kilikuwa kimebonyea, na kwenye meno yake palikuwa na uchafu mweusi ambao haukuwa tope. Aliingiza mkono ndani ya gambuti, akautoa umelowa. Akaunusa. Aliwahi kuchinja kondoo na kumsahau mmoja juani, kwa hiyo harufu ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nini.

"Vua soksi," alisema.

"Nitavua nikienda kuoga."

"Vua sasa, Ntate."

"Mwanamke, uji wangu unapoa!"

Haikuwa jeuri tu. Tangu siku ile mwamba ulipomwangukia migodini, ng'ambo ya mpaka, ukamnyang'anya mguu wa kushoto, Ntate Khethisa alikuwa haogi mbele ya mtu. Miaka ishirini na sita alijifungia nyuma ya pazia na karai lake, akatoka amevaa suruali, amefunga mguu wa plastiki, na magambuti yote mawili miguuni, moja la mguu wa nyama na moja la mguu wa dukani. Kijiji kizima kilijua na hakuna aliyelitaja. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifanyia mzaha. "Huu wa plastiki ndio mzima kuliko mimi," husema. "Hauli sukari."

Safari hii 'Makatiso hakungoja ruhusa. Alipiga magoti, akaivuta ile soksi. Iligoma kwanza, ilikuwa imegandana na unyayo, halafu ikaachia. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu la kutosha kuingia punje ya hindi. Vidole viwili vilivyofuata vilikuwa vyeusi. Alikibonyeza kimoja kwa ukucha, kwa nguvu, huku akimtazama mumewe usoni.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

Akabonyeza tena. Ntate Khethisa alinyoosha mkono akachukua bakuli lake la uji.

'Makatiso alikaa chini palepale sakafuni. Mguu mmoja. Mtu huyu alibaki na mguu mmoja tu duniani, anaupandia farasi, anaendea nao shambani, anaingia nao kanisani akiwa amesimama wima kama wanaume wenzake, na sasa huo nao ulikuwa unaoza ndani ya mpira, kimyakimya, kama viazi chini ya gunia. Na mwenyewe anakunywa uji.

Alijilaumu kwanza, kama wanawake walivyofundishwa. Kisha akakumbuka kitu, akainuka, akaenda kwenye kasha la nguo akatoa bukana ya mumewe, lile daftari la afya ambalo kila mgonjwa hujitunzia mwenyewe. Alikuwa amelifunika kwa karatasi ya maua ili lisichakae. Kwa miaka miwili alikuwa akilibeba kama Biblia na hakuwahi kulisoma hata siku moja. Nani husoma maandishi ya nesi? Ni mambo ya dawa, ni ya wenyewe.

Sasa nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa yakienda pale zahanati ya Ha Sephula, upate kumwelewa mama huyu na hasira zake. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya wagonjwa wa sukari. Walitoka makwao jogoo akiwika, wengine kwa farasi, wengine kwa miguu, theluji isiwe kisingizio. Wakifika, bukana zilipokelewa dirishani na Tumo, karani, zikarundikwa. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia kwa nesi, Tumo alikuwa ameshazifungua zote arobaini na kuzigonga muhuri wa bluu, paa, paa, paa, halafu akaipitia mihuri mmoja mmoja akiijaza kwa kalamu. Muhuri wenyewe uliletwa na mpango mpya wa wilaya wa kuboresha huduma za sukari, na ulikuwa na nafasi ya uzito, ya sukari, ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto. Uzito na sukari Tumo alimwachia nesi. Miguu aliijaza yeye, palepale kwenye kiti chake, bila kuuona hata unyayo.

Na watu kwenye mabenchi walikuwa wakiusikia ule mlio, wakafarijika! Waliamini muhuri ni sehemu ya dawa. Siku moja wino ulikwisha, bibi mmoja akarudishwa bukana yake tupu, akalia njia nzima kwamba hakutibiwa. Vidonge alikuwa navyo mkobani.

'Makatiso alisogea dirishani kwenye mwanga, akasoma. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na hesabu ndilo lililokuwa somo lake. Mihuri ilikuwa ishirini na nne. Alianza na wa mwisho, wa siku nane zilizopita.

"Mguu wa kulia," alisoma kwa sauti, "hauna kidonda. Hisia ipo."

"Ehe," mumewe aliitikia.

"Mguu wa kushoto hauna kidonda. Hisia ipo. Mapigo ya damu mazuri."

Ntate Khethisa aliacha kijiko hewani. "Wa kushoto upi?"

"Wako."

"Wangu huu?" Aligonga mguu wa plastiki kwa kijiko, ko, ko. "Au wamechimba kule migodini wakaufukua?"

Alicheka mpaka uji ukamwagika. 'Makatiso naye alicheka, hakuweza kujizuia, huku akifunua kurasa. Mwezi wa tano, mguu wa kushoto hauna kidonda. Mwezi wa nne, hauna kidonda. Krismasi, hauna kidonda, mapigo mazuri. Mara ishirini na nne mguu uliozikwa ng'ambo ulikuwa umekaguliwa na kukutwa na afya njema. Mwisho wa mihuri hakuwa anacheka tena. Kilichomuuma zaidi ni mayai. Kila mwezi alikuwa akimpelekea Tumo mayai sita, msimu wa pichi akampelekea na pichi, na kumwambia Mungu akubariki mwanangu. Alikuwa akimshukuru mtu kwa kumuua mumewe taratibu.

"Kesho tunakwenda," alisema.

"Kesho ni Alhamisi. Siku yetu ni Jumanne."

"Funga mdomo ule uji wako."

Asubuhi aliuosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa kitambaa safi na juu yake taulo, akampandisha mumewe juu ya farasi. Ntate Khethisa alikuwa na homa, midomo imemkauka, lakini alivaa kofia yake na blanketi la sherehe, akalifunga pini begani, maana hatoki nyumbani kama mkimbizi.

Walipokaribia zahanati walisikia kwaya. Uani palikuwa na hema jeupe. Vyungu vya miguu mitatu vilikuwa vinachemka nyuma ya jengo, harufu ya nyama ya kondoo imetanda, na akina mama wa kijiji walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wamevaa vizuri. Mlango wa zahanati ulikuwa na kufuli. Tumo alikuwa getini, amefunga tai.

"'Me 'Makatiso! Karibuni, karibuni. Mmekuja kwenye sherehe?"

"Nimekuja na mgonjwa."

"Aa, leo hakuna huduma, mama yangu. Njooni Jumanne."

"Sherehe ya nini hii inayofunga hospitali?"

Tumo alitabasamu kwa fahari. "Ya ubora wa huduma za sukari. Tumekuwa wa kwanza wilaya nzima! Tunapewa ngao."

'Makatiso alimtazama huyu kijana aliyekula mayai yake. Alitaka kumzaba kofi, na mkono ulishaanza safari. Akaurudisha. Kofi lingempatia Tumo huruma, na yeye angetolewa getini kama mlevi. Alimfunga farasi kwenye ua, akamshusha mumewe, akamketisha kiti cha mstari wa mbele kabisa, kilichokuwa kimeandikwa Wageni.

Mgeni rasmi alikuwa Ntate Phoofolo, ofisa wa afya kutoka wilayani, mtu mnene mwenye miwani na karatasi nyingi. Mbele yake palikuwa na meza yenye kitambaa cha zambarau, na juu yake ngao ya mbao iliyopakwa vanishi. Kando yake aliketi Nesi Puseletso, mkuu wa zahanati, mikono mapajani, macho chini kama bibi harusi. Nesi huyu alikuwa ameolewa na mtoto wa kaka yake Ntate Khethisa, kwa hiyo kwa kina 'Makatiso alikuwa mkamwana.

"Ndugu zangu," alisema Ntate Phoofolo, "wapo watu mjini wanaosema zahanati za milimani hazifanyi kazi. Waje waone! Hapa Ha Sephula wagonjwa wote wa sukari wamekaguliwa miguu, kila mwezi, mia kwa mia. Sikilizeni vizuri. Si tisini, si tisini na tisa. Mia! Na vidonda vilivyopatikana ni vingapi? Sifuri! Huo ndio ubora."

Watu walipiga makofi. Na ndipo 'Makatiso alipopiga kigelegele.

Alikipiga kirefu, chembamba, kikapita juu ya hema. Kwetu mwanamke akiinuka na kigelegele sherehe ikiwa imenoga, hazuiwi na mtu, awe mgeni rasmi awe askofu. Furaha haikatwi. Akina mama wengine walimwitikia, kwaya ikampigia makofi ya kumsindikiza, naye akatembea mpaka mbele akiyumbisha mabega, bukana mkononi. Mshereheshaji akampa kipaza sauti mwenyewe, huku anacheka. Alidhani ni mgonjwa aliyekuja kutoa ushuhuda. Na kweli alikuwa amekuja kuutoa.

"Nashukuru," alisema 'Makatiso. "Mimi ni mke wa Ntate Khethisa, yule pale mbele. Nimesikia mia kwa mia nikasema nami niwasomee, ili mgeni wetu asiondoke na furaha nusu. Hii ni bukana ya mume wangu. Nasoma. Mguu wa kushoto, hauna kidonda. Hisia ipo. Mapigo ya damu mazuri."

Halafu mtu mmoja nyuma alipasuka kicheko, na kicheko kikasambaa viti hadi viti, kwa maana hapakuwa na mtoto wa miaka mitano pale asiyejua habari za mguu wa kushoto wa Ntate Khethisa. Ni Ntate Phoofolo peke yake aliyekuwa hajui. Alicheka naye, kwa adabu.

"Mkamwana," 'Makatiso alimgeukia Nesi Puseletso, na sasa sauti ilikuwa haina sherehe ndani yake. "Njoo utuonyeshe. Mapigo hayo uliyasikia wapi? Kifundoni? Au nyuma ya goti?"

Nesi alinyoosha kona ya kitambaa cha zambarau.

"'Me, tafadhali," Ntate Phoofolo alisimama. "Kama kuna malalamiko, kuna sanduku la maoni pale mlangoni. Yataletwa ofisini kwa utaratibu wake."

"Sanduku lile ufunguo wake ulipotea mwaka juzi!" mtu alipiga kelele. "Nyuki wameingia humo!"

Sasa Ntate Khethisa aliinama. Alikunja suruali ya kushoto taratibu, mpaka juu ya goti, mbele ya wake za wanawe na wake za wana wa kaka yake, jambo ambalo mwanaume wa umri wake angeona afadhali afe kabla ya kulitenda. Wanawake vijana walitazama chini, wengine walijifunika nyuso kwa mitandio.

"Inueni macho!" alisema. Homa ilikuwa imemkausha sauti lakini ilisikika. "Miaka miwili mmeinamisha macho. Leo tazameni."

Alifungua mikanda, akauvua ule mguu wa plastiki pamoja na gambuti lake, akampa mkewe. 'Makatiso akauweka mezani, kwenye kitambaa cha zambarau, ubavuni mwa ngao.

"Huo ndio wenye mapigo mazuri," alisema. "Mheshimiwa, uguse."

Kisha alipiga magoti mbele ya mumewe, akafungua taulo na kitambaa kwenye mguu wa kulia. Harufu ilifika kabla macho hayajafika. Waliokuwa mstari wa mbele walirudi nyuma na viti vyao, na waliokuwa nyuma wakasimama waone. Hakuna aliyecheka tena.

"Na huu," alisema 'Makatiso, na hapo machozi yalimtoka, ya uchungu na ya ghadhabu pamoja, "umeandikwa siku tisa zilizopita kwamba hauna kitu. Huu ndio aliobaki nao. Hana mwingine. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kutuambia kwamba sukari inatia miguu ganzi. Tuliambiwa tuache ugali. Tuliambiwa tukae kwenye mstari. Tulikaa! Siku moja tu, mtu mmoja tu angesema Ntate, hebu vua buti, nisingekuwa nimepiga magoti hapa. Kuvua buti kunataka ngao? Kunataka hema?"

Mama mmoja mzee kwenye mstari wa tatu alifungua bukana yake, maana wagonjwa wa Ha Sephula hawakuziacha nyumbani hata siku ya sherehe. Akampa jirani aliyejua kusoma. Jirani akasoma, akaitazama na yake mwenyewe, akampokonya mwingine. Mwandiko ulikuwa mmoja, wino mmoja, maneno yaleyale. Minong'ono ikawa kelele. Mama mzee hakungoja mjadala. Alivua viatu, akavua soksi, akanyoosha miguu mbele yake kwenye majani yenye umande. Wa pembeni naye akavua. Kwa muda mfupi uani pale palikuwa na miguu mitupu ya watu thelathini na kitu, iliyopasuka, iliyovimba, mingine na matambara yaliyofungwa nyumbani. Tumo alikuwa amekwisha toweka getini.

Nesi Puseletso aliinuka. Alimpita Ntate Phoofolo aliyekuwa akinong'ona jambo kuhusu ratiba, akaja akapiga magoti kando ya 'Makatiso, akaushika ule mguu kwa mikono miwili. Aliutazama pande zote, akafuata kwa kidole wekundu uliokuwa unapanda kuelekea goti.

"Unatakiwa hospitali ya wilaya sasa hivi," alisema. "Si kesho. Gari letu la wagonjwa liko gereji tangu mwezi wa tatu." Akageuka. "Ntate Phoofolo, naomba gari lako."

"Nesi, hatujakabidhiana hata ngao. Na kuna chakula..."

Dereva wa ofisa, mzee mwembamba aliyekuwa ameegemea bampa akingoja nyama, alishafungua mlango wa nyuma. "Mleteni," alisema. Bosi wake alipomkodolea macho, aliongeza, "Mheshimiwa, wewe kula. Nitarudi kukuchukua."

Wakati wanamlaza kwenye kiti, Nesi Puseletso alishika mkono wa 'Makatiso. Alikuwa analia.

"'Me, ningemvuaje buti? Ni baba mkwe wangu. Angenionaje? Nilijua karani anajaza, nikaacha, nikasema angalau ripoti itakwenda."

'Makatiso alimtazama. Alikuwa anampenda huyu binti, alimpikia mwenyewe uji alipojifungua. Lakini hasira haikuwa na nafasi ya mapenzi siku ile.

"Mimi nilikuwa nje pale benchini. Kila Jumanne, miaka miwili, hatua kumi kutoka mlangoni kwako. Ungetoa kichwa ukasema 'Me, njoo umvue mzee buti. Heshima gani hii, mwanangu, ya kumstahi mtu mpaka anaoza?"

Gari lilipoanza kuondoka, 'Makatiso aligeuka akamwona amechukua karai la kuoshea vyombo vya sherehe, analipeleka kwa yule mama mzee wa mstari wa tatu, anachuchumaa mbele ya miguu yake. Vizuri, alisema moyoni. Vizuri, lakini sisi tumetangulia.

Hospitali ya wilaya ilikuwa mwendo wa saa mbili. Homa ilimfanya Ntate Khethisa azungumze na marafiki zake wa migodini njia nzima, kana kwamba wako garini, kwa lugha ya migodini, akiwaonya kuhusu paa la mgodi. Hospitalini walimpokea mara moja, hilo lisemwe. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliukagua mguu, akatuma picha ipigwe, akarudi akamketisha 'Makatiso pembeni.

"Mama, usaha umeingia kwenye mfupa na sumu inapanda. Nikiuacha, kesho kutwa hatutakuwa naye. Inabidi tukate hapa, chini ya goti."

"Hana mwingine," alisema 'Makatiso.

"Najua, mama. Nimeona."

"Na kama ungeonekana mapema?"

Daktari alisita. Alikuwa mkweli, na ukweli ule ulimtoka kwa shida. "Kidonda kina kama wiki sita. Wiki ya kwanza, ya pili, ni kukisafisha, dawa, na kukaa mguu juu. Angetembea."

Wiki sita. Katikati yake zilikuwapo Jumanne mbili. 'Makatiso alizihesabu kwa vidole ingawa hakuhitaji vidole, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanyia mikono yake.

Daktari alileta karatasi ya idhini na kalamu. Mgonjwa ana homa kali, alisema, kwa hiyo mke ndiye wa kutia sahihi, hapa chini. Chumba kiko tayari. 'Makatiso aliishika ile kalamu. Lakini tangu jana alikuwa ameapa hatapokea tena karatasi ya hospitali bila kuisoma, basi akaisoma kuanzia juu. Jina la mgonjwa. Umri. Kijiji. Kiungo kitakachokatwa. Na chini ya hapo, kwa mwandiko wa haraka wa daktari: Sababu ya kukatwa, mgonjwa alichelewa kutafuta matibabu.

Aliisoma mara mbili.

"Nani kachelewa?"

"Mama?"

"Hapa. Umeandika kachelewa. Nani?"

"Ah." Daktari alijikuna shingo. "Ni maneno tu, 'Me. Ndivyo tunavyoandika wote. Mguu ukifika ukiwa hivi, tunaandika mgonjwa alichelewa."

"Wote?"

"Karibu wote."

'Makatiso aliwaza wale wote. Aliwaza miguu yote iliyokwisha kukatwa katika jengo hili, na wenyewe kurudishwa milimani na karatasi inayosema ni kosa lao. Alichukua kalamu akayakata yale maneno kwa mstari mmoja mnene.

"Mama, hiyo ni fomu ya serikali! Haichorwi."

"Na huu mguu ni wa nani?"

Daktari alitazama saa ukutani. Kitandani Ntate Khethisa alifumbua macho. "Mnabishana nini?"

"Narekebisha kitu kidogo."

"Rekebisha upesi, mama yangu. Nimechoka."

Aliinama, akaandika juu ya maneno aliyoyakata, kwa herufi za shule, zilizonyooka, bila haraka na bila kuchelewa: Alikuja kila mwezi kwa miaka miwili. Hakuna aliyemwambia avue buti. Kisha akaigeuza karatasi kuelekea kwa daktari, akaweka kidole pembeni ya mstari ule.

"Palipokatwa hutiwa sahihi. Anza wewe."

Daktari aliyasoma yale maneno. Akamtazama mgonjwa, akaitazama bukana yenye maua iliyokuwa mapajani mwa mama, akachukua kalamu akatia sahihi. Ndipo 'Makatiso naye akatia yake, na wakampeleka Ntate Khethisa kukatwa mguu.